Meza ya Antiokia

Bibi mzaa mama alikuwa Msabato wa Upareni, wa wale ambao Ijumaa jua likianza kuegemea milima, jiko linazimwa. Makande yameshaiva, maji yameshatekwa, nguo za kanisani zimeshapigwa pasi na kutundikwa ukutani. Sisi wajukuu tulioletwa likizo ya Desemba tulitoka katika nyumba ya Kilutheri, hatukuwa na mazoea hayo. Tulikuta nyumba inatulia kabla giza halijaingia, na bibi ameketi barazani na Biblia yake na kitabu cha nyimbo, uso umekunjuka kama wa mtu aliyekuwa akimngoja mgeni na sasa amesikia hodi. Nguruwe hakumgusa maisha yake yote. Baba alipokuja ukweni alijua asimtaje hata kwa mdomo, na hapakuwa na ugomvi wowote. Tulikula sinia moja.

Miaka mingi baadaye, mjini, nilikaa kwenye benchi la kanisa nikamsikiliza mhubiri akieleza Sheria ya Musa. Alisema ilikuwa kongwa. Alisema Wayahudi walikuwa watu wa kuhesabu matendo yao ili wamdai Mungu wokovu, na kwamba Yesu alikuja kuwakata minyororo. Waumini wakaitikia amina. Mimi nilimwona bibi pale barazani, nikashindwa kuitikia. Hoja sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba nimewahi kuishi na mtu anayeshika amri, na hakufanana na mfungwa. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya Wakristo wa kwanza na Torati, na limenikaa moyoni jambo moja: ugomvi ule mkubwa tunaousoma katika Matendo na Wagalatia ulikuwa wa nani ale na nani, na ulitokea ndani ya nyumba ya Kiyahudi, baina ya watu walioipenda Torati.

Kuipenda huko ndiko kunakosahauliwa. Zaburi ya 119 ina aya 176, na karibu kila aya inaitaja sheria kwa jina hili au lile. "Sheria yako naipenda mno ajabu," anasema mtunzi, kama mtu anayemwimbia mchumba. Marabi wa baadaye waliuita utaratibu wa kuishi kwa Torati halakha, neno lililotoka kwenye kitenzi cha kwenda, na sisi tunaosema "mwenendo" hatuhitaji kueleweshwa zaidi, maana tumelichimba neno letu shimo lilelile.

Tena waliifia. Mwaka 167 KK mfalme Antioko wa Nne, aliyetawala kutoka mji wa Antiokia, alipiga marufuku Sabato na tohara katika Uyahudi. Wakatoliki wenzetu wanazo habari hizo ndani ya Biblia yao, katika vitabu vya Wamakabayo: akina mama waliowatahiri watoto wao waliuawa, na vichanga vyao vikatundikwa shingoni mwao. Mzee Eleazari, mwenye umri wa miaka tisini, alishurutishwa kula nyama ya nguruwe. Waliomfahamu wakamnong'oneza alete nyama yake mwenyewe iliyo halali, ajifanye anakula ya mfalme, aokoke. Akakataa. Alisema vijana wangedhani Eleazari katika uzee wake ameasi, na hakutaka kuwaachia urithi huo.

Tohara na chakula. Ukiyaweka mambo haya mawili kando ya kaburi la Eleazari, ndipo utakapoelewa kwa nini, miaka mia mbili na ushei baadaye, watu wema na wacha Mungu walitetemeka waliposikia kwamba kuna Myahudi mmoja wa Tarso, Paulo, anayewaambia wageni tohara si lazima. Hawakuwa washika vijisheria. Walikuwa wajukuu wa mashahidi.

Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane. Vazi lake lilikuwa na pindo, lile ambalo mwanamke mwenye kutokwa na damu aliligusa, na wengi wa wafafanuzi hulihusisha na vishada ambavyo kitabu cha Hesabu kiliwaamuru wana wa Israeli wavitie kwenye nguo zao. Alibishana na Mafarisayo juu ya Sabato, lakini hata wao kwa wao walibishana juu ya Sabato, na hakuna anayebishana namna ya kushika jambo asilolijali. Baada yake, wanafunzi waliendelea kukutana hekaluni kila siku. Petro na Yohana wanapomkuta kiwete kwenye mlango uitwao Mzuri, wako njiani kwenda kusali saa tisa, saa ya sala ya Wayahudi wote. Hakuna hata mmoja wao aliyedhani kwamba amehama dini.

Tatizo lililetwa na baraka. Mataifa, yaani watu wasio Wayahudi, walianza kuja.

Watu wa Mataifa waliomcha Mungu wa Israeli walikuwapo zamani. Walihudhuria sinagogi, wakatoa sadaka, wakaacha miungu ya kwao au wakaipunguza, lakini wengi wao hawakutahiriwa. Kornelio, yule akida wa Kaisaria, alikuwa mmoja wao. Wayahudi wenyewe hawakuwa na neno moja juu ya watu wa namna hiyo, na hapa kuna kisa ambacho natamani kila mwalimu wa shule ya Jumapili angekijua. Kimesimuliwa na Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ya kwanza.

Mashariki, ng'ambo ya mto Tigri, palikuwa na ufalme mdogo uitwao Adiabene. Mfalme wake, Izates, alivutiwa na imani ya Kiyahudi kupitia mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Anania, na mama yake, malkia Helena, alikuwa ameshaipokea. Izates akataka kutahiriwa. Anania akamzuia: raia wataasi, na wewe unaweza kumwabudu Mungu bila tohara, kwani kuazimia kuifuata njia ya Wayahudi ni kukubwa kuliko tohara yenyewe, na Mungu atakusamehe kwa kuwa umezuiwa na hali. Mfalme akatulia. Kisha akaja Myahudi mwingine kutoka Galilaya, jina lake Eleazari, mtu aliyesifika kwa uangalifu katika sheria. Alipoingia kumsalimu alimkuta mfalme anasoma Torati ya Musa. Akamwambia, kwa maana yake, kwamba haitoshi kusoma yaliyoandikwa, yapasa kuyatenda. Utakaa bila tohara mpaka lini? Izates akaingia chumba cha ndani, akamwita tabibu, jambo likaisha siku hiyohiyo.

Hao wote wawili walikuwa Wayahudi, wote waaminifu, na Kristo hakutajwa popote. Hoja ya Anania na hoja ya Eleazari ndizo hoja zilezile zilizokutana Yerusalemu mnamo mwaka 49 BK, katika mkutano ambao Matendo sura ya 15 inausimulia. Waliosimama kudai tohara walikuwa waumini wa Yesu kutoka kundi la Mafarisayo. Tumezoea kuwasikia wakitajwa kama wapinzani wa injili. Lakini hebu ifungue Mwanzo 17 uone walikuwa na nini mkononi. Mungu anamwambia Ibrahimu kwamba tohara ni agano la milele, na anaitaja wazi hata kwa mtumwa wa kigeni aliyenunuliwa kwa fedha. Asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake. Ningekuwa nimekaa katika mkutano ule na Maandiko yaleyale, nina hakika ningekuwa upande wao.

Jibu la Paulo, linalokuja kukomaa katika Warumi sura ya 4, ni jibu la mwanafunzi aliyeisoma Torati kwa mpangilio. Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15. Alitahiriwa katika Mwanzo 17, akiwa na miaka tisini na tisa. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho baba wa Wayahudi wote alikuwa mwenye haki mbele za Mungu na hajatahiriwa, na katika kipindi hicho ni baba wa Mataifa. Hoja hii haiitupi Torati nje. Inategemea kila sura ikae mahali pake.

Uamuzi wa mkutano, aliousema Yakobo ndugu yake Bwana, uliwaondolea Mataifa sharti la tohara na kuwaomba wajiepushe na mambo manne: unajisi wa sanamu, uasherati, nyama zilizosongolewa, na damu. Kwa muda mrefu niliyaona mambo haya kama orodha iliyookotwa. Kisha nikasoma Mambo ya Walawi 17 na 18 taratibu. Pale kuna amri zinazomfunga Mwisraeli pamoja na mgeni akaaye kati yao: asitoe sadaka nje ya hema ya Bwana, asile damu, asifanye zinaa zilizokatazwa. Yakobo alikuwa ameuliza Torati yenyewe inamtaka nini mgeni, na Torati ikamjibu. Wageni hawakuwekwa nje ya sheria. Walipewa sehemu yao ndani ya sheria, ile iliyowahusu.

Na wenyeji je? Juu ya Wayahudi walioamini mkutano haukusema chochote, kwa sababu hakuna aliyeuliza kama waendelee kuishika Torati. Nani angeuliza?

Hapo ndipo meza ya Antiokia ilipovunjika.

Antiokia ulikuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika dola ya Kirumi, baada ya Roma na Aleksandria, ukingoni mwa mto Orontes. Leo ni Antakya, kusini mwa Uturuki, mji ambao tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 liliubomoa vibaya sana. Palikuwa na Wayahudi wengi hapo, na Yosefo anasema Wagiriki wengi walivutwa na ibada zao. Ni hapo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Na ni kutoka mji huohuo Antioko wa Nne alikuwa amewatuma askari wake dhidi ya tohara na Sabato. Kumbukumbu za namna hiyo hazizikwi upesi.

Kefa, yaani Petro, alifika akawa anakula pamoja na watu wa Mataifa. Wakaja watu waliotoka kwa Yakobo. Petro akarudi nyuma, akajitenga. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba, mwenzake Paulo katika safari. Paulo akamkemea mbele ya wote. Habari hii tunayo kwa kinywa cha Paulo peke yake, katika Wagalatia 2, na hatuambiwi kwamba Petro alikubali.

Kilikuwapo nini mezani? Paulo hasemi. Torati haimkatazi Myahudi kukaa na mgeni na kula. Lakini sehemu kubwa ya nyama iliyouzwa katika miji ya Kigiriki ilikuwa imepita madhabahuni kwa miungu, na divai ilimwagwa kidogo kwa heshima ya miungu kabla watu hawajanywa. Myahudi mwangalifu alikuwa na sababu ya kuuliza. Anayeishi kwenye mtaa wa Waislamu na Wakristo anaelewa swali hili bila kufundishwa: kwenye harusi na misiba yetu, la kwanza linalopangwa ni nani atakayechinja, ili mgeni yeyote atakayefika aweze kula. Likipangwa vizuri hakuna anayelitambua. Lisipopangwa, watu huumia. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa kuchinja ulimwaga damu.

Ila meza ya Antiokia ilikuwa na uzito mwingine. Katika siku hizo mkate na kikombe cha Bwana havikutengwa na chakula cha kawaida. Barua kwa Wakorintho inaonyesha watu wakila na kushiba, wengine hata wakilewa, katika mkusanyiko uleule. Petro alipoinuka, hakuhama sahani tu. Kanisa la mji ule lilipata meza mbili za Bwana, moja ya Wayahudi na moja ya Mataifa, na anayetaka kukaa meza ya kwanza ilimbidi awe Myahudi. Hicho ndicho Paulo alichokiona upesi kuliko wengine, na hapo namkubali kwa moyo wote. Lakini siwezi kumchukia Petro. Huenda aliwawazia ndugu wa Yerusalemu, waliosikia kwamba mtume wao anakula mezani kwa Mataifa, na ambao maadui zao wangeitumia habari hiyo. Alikuwa kati ya wageni wake na wenyeji wake. Nimewahi kuwa mahali hapo, kwenye meza ndogo zaidi, na sikufanya vizuri kumshinda.

Paulo ndiye tuliyemrithi, na ndiye tunayemsoma vibaya. Huyu aliyekataa Tito kutahiriwa, alimtahiri Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi. Alinyoa kichwa Kenkrea kwa ajili ya nadhiri. Aliporudi Yerusalemu mara ya mwisho, Yakobo akamwonyesha maelfu ya Wayahudi walioamini, wote wenye bidii kwa Torati, naye akakubali kulipia gharama za watu wanne wenye nadhiri hekaluni ili kuonyesha kwamba yeye pia anaishika. Katika Wakorintho wa Pili anasema alipigwa na Wayahudi mara tano mapigo arobaini kasoro moja. Niliisoma aya hiyo miaka mingi kama mateso matupu. Lakini ile ni adhabu ya sinagogi, imetoka Kumbukumbu la Torati 25, na Paulo alikuwa raia wa Roma ambaye angeweza kwenda zake na kutorudi tena katika jumuiya ile. Alirudi. Mara tano aliinamisha mgongo kwa sababu hakukubali kwamba yeye si wa hapo.

Kwa Wagalatia anasema torati imekuwa "kiongozi" wa kutuleta kwa Kristo. Neno la Kigiriki ni paidagogos, mtumwa wa nyumbani aliyemsindikiza mtoto kwenda kwa mwalimu, akimlinda njiani na kumrekebisha tabia. Ni mlezi, wala hakuwa askari jela. Na kwa Warumi: "Basi torati ni takatifu, na ile amri ni takatifu, na ya haki, na njema." Mhubiri yule wa mjini hakuifikia aya hiyo.

Hata maneno "matendo ya sheria" yalipata mwanga mpya kutoka Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Katika pango la nne vilipatikana vipande vya barua ya Kiebrania, iliyochapishwa rasmi mwaka 1994, ambayo mwandishi wake anasema ameandika baadhi ya "matendo ya Torati". Anachozungumzia ni mambo ya usafi na dhabihu yaliyolitenganisha kundi lake na wengine, namna ya kushika ambayo imekuwa mpaka wa nani yuko nasi na nani hayuko. Ukiisoma Wagalatia baada ya hapo, unaisikia Antiokia nyuma ya kila mstari.

Yakobo aliuawa mwaka 62. Liwali Festo alikuwa amekufa na Albino, mrithi wake, hajafika, na kuhani mkuu Anano akautumia mwanya huo: akaitisha baraza, akamshtaki Yakobo na wengine kwa kuvunja sheria, wakapigwa mawe. Anayesimulia ni Yosefo tena, na ndiye anayetupa mwisho ambao hunigusa kila nikiusoma. Watu wa mji waliojulikana kwa uangalifu wao katika sheria walichukizwa. Wakapeleka malalamiko kwa mfalme Agripa, wengine wakamfuata Albino njiani akitokea Aleksandria. Anano akavuliwa ukuhani mkuu baada ya miezi mitatu tu. Wasomi wengi huwaona hao kuwa Mafarisayo. Kiongozi wa kanisa la Yerusalemu alipouawa kwa jina la Torati, waliomlilia hadharani walikuwa washika Torati.

Miaka minane baadaye Hekalu likateketezwa. Yerusalemu haikuwa tena na nguvu ya kumtuma mtu Antiokia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, na mimi husoma kurasa hizo kwa huzuni. Katika Didake, mafundisho ya kale ya Kikristo, waumini wanaambiwa wasifunge Jumatatu na Alhamisi kama "wanafiki", wafunge Jumatano na Ijumaa. Ni kufunga kulekule. Siku tu zimesogezwa ili watu wasifanane. Mapema katika karne ya pili Ignatio, askofu wa Antiokia hiyohiyo, aliandika kwamba ni upuuzi kumkiri Yesu Kristo na kuishi Kiyahudi. Mwaka 144 Markioni alitengana na kanisa la Roma baada ya kufundisha kwamba Mungu wa Torati si Baba wa Yesu. Kanisa lilimkataa, na tunapaswa kulishukuru, ingawa mawazo yake nimeyasikia zaidi ya mara moja kwenye mimbari zetu bila jina lake.

Kisha kuna Yustino Shahidi. Katikati ya karne ya pili aliandika mazungumzo yake na Myahudi aitwaye Trifo, na Trifo anamuuliza swali ambalo Petro angelielewa: Myahudi akimwamini huyo Yesu wenu na bado akataka kuishika sheria, ataokoka? Yustino anajibu kwamba kwa maoni yake ataokoka, mradi asiwalazimishe wengine. Halafu anakiri kwamba wako Wakristo wasiokubaliana naye, ambao hawathubutu hata kuzungumza na watu wa namna hiyo wala kuwakaribisha nyumbani.

Hawawakaribishi nyumbani. Ilipita miaka mia moja na kidogo tu. Antiokia, Mataifa ndio waliobaki peke yao mezani wakiangalia viti vitupu. Sasa Mataifa wamekuwa wenyeji, na Myahudi anayemwamini Yesu, mtu wa aina ya Petro na Yakobo, amesimama mlangoni.

Lakini si wote waliufunga mlango. Mwaka 386 padri mmoja wa Antiokia, Yohane Krisostomu, fundi wa maneno kuliko wote wa zama zake, alianza mfululizo wa mahubiri makali ambayo kwa karne nyingi baadaye yalitumika dhidi ya Wayahudi, na siwezi kuyatetea. Ila ukiyasoma kwa kutega sikio kwa wale anaowakemea, unaona waumini wake mwenyewe. Wanakwenda kwenye sinagogi sikukuu zinapokaribia. Wanafunga pamoja na Wayahudi. Anasimulia kwamba alimkuta Mkristo mmoja akimvuta mwanamke kwenda kuapa katika sinagogi, na alipomuuliza kwa nini, akajibiwa kwamba watu wamemwambia kiapo cha pale kinaogopwa zaidi. Miaka zaidi ya mia tatu tangu Petro ainuke mezani, na padri huyo yuko mimbarani, anapaza sauti kwa sababu wiki ile ni ya Sikukuu ya Baragumu, na anajua kwamba baadhi ya wanaomsikiliza, wakitoka hapo, watashuka mtaani kwenda kuisikiliza pembe ikipigwa.